Kumpima Rossetti: Anza na Kitu Kidogo

Watu wengi wanamjua Dante Gabriel Rossetti kwa nywele. Nywele nyingi, nyekundu au nyeusi, zinazomwagika mabegani mwa mwanamke mwenye shingo ndefu na midomo iliyojaa. Picha hizo zimechapwa kwenye kalenda, kadi na majalada ya vitabu mpaka hata asiyelijua jina la mchoraji anazitambua. Namwomba msomaji aziweke kando kwanza. Si kwamba zote ni mbaya, maana baadhi ni kazi kubwa. Lakini anayeanza kumpima Rossetti kwa nywele hatatofautisha picha aliyoitolea moyo na ile aliyoichora kwa kuwa anadaiwa, kwa sababu nywele alijua kuzichora hata akiwa mgonjwa, na msaidizi wake alijua pia.

Kipimo ninachokitumia mimi ni kimoja, na kinafaa kwa picha zake na kwa mashairi yake. Tafuta kitu kidogo: kidole, ua, ukingo wa shuka, jani la magugu. Kiangalie kwa muda. Kama Rossetti mwenyewe alikiangalia kwa muda, kazi nzima itasimama. Kama alikipitia juu juu, hata rangi ziwe nzuri namna gani, kazi itakuchosha ukirudi kuitazama mara ya pili.

Alizaliwa London tarehe 12 Mei 1828. Baba yake, Gabriele Rossetti, alikuwa Mwitalia aliyekimbia nchi yake kwa sababu za kisiasa, akawa anafundisha Kiitalia King's College. Watoto walikuwa wanne na wote waliandika: Maria aliandika juu ya Dante, mshairi wa kale wa Italia, William Michael akawa mhakiki, na Christina akawa mshairi ambaye wapo wanaomweka juu ya kaka yake, nami ni mmoja wao. Rossetti wetu alibatizwa Gabriel Charles Dante. Yeye mwenyewe ndiye aliyelileta jina la Dante mbele, na ukikumbuka hilo utaelewa mengi aliyoyafanya baadaye.

Uchoraji alijifunza vipande vipande. Masomo ya Royal Academy yalimchosha. Mwaka 1848 alikwenda kwa Ford Madox Brown, aliyemkalisha mbele ya chupa na vyombo avichore, kazi aliyoichukia. Septemba mwaka huohuo, yeye na William Holman Hunt na John Everett Millais, pamoja na wenzao wanne, wakaunda Pre-Raphaelite Brotherhood. Walikuwa vijana wa umri wa kama miaka 20. Walitaka kukiangalia kitu chenyewe badala ya kufuata kanuni za chuo zilizorithiwa kutoka kwa Raphael na waliomfuata. Hunt na Millais walikuwa mafundi kuliko yeye. Kuonyesha umbali kwenye turubai bapa hakukuwahi kumtii Rossetti, na anayempima lazima alijue hilo tangu mwanzo ili asije akauchukulia udhaifu kuwa mtindo, wala mtindo kuwa udhaifu.

Picha ya kujifunzia ni ile aliyoiita Ecce Ancilla Domini!, ya mwaka 1849 hadi 1850, iliyopo Tate Britain, London. Ni picha nyembamba ya wima, urefu wake kama sentimita 72 na upana kama 42. Inaonyesha Malaika Gabrieli akimletea Bikira Maria habari. Christina, dada yake, alikuwa miongoni mwa waliokaa achore sura ya Maria. Ukisogea karibu utaona kwamba karibu kila kitu ni cheupe: ukuta, shuka, gauni la Maria, vazi la malaika. Sasa vihesabu vyeupe hivyo. Cheupe cha ukuta ni kikavu kama chokaa. Cha shuka kina kijivu kwenye mikunjo. Cha gauni kimeingiliwa na joto la ngozi iliyo chini yake. Cha malaika ni baridi. Kijana wa miaka 21 amechukua rangi moja na kuigawa mara nne bila kukosea, na hiyo ni kazi ya jicho kabla haijawa kazi ya mkono. Ili kufika hapo alikuwa na mbinu yake: katika picha yake kubwa ya kwanza, The Girlhood of Mary Virgin, alipaka rangi za mafuta kwa wembamba, kwa brashi za rangi za maji, juu ya turubai iliyopakwa nyeupe na kulainishwa kama karatasi.

Kisha mtazame msichana. Amejibana ukutani kama mtu aliyeamshwa usingizini na asiyejua kama aogope au asikilize. Malaika hana mabawa, miguuni pake kuna ndimi za moto wa manjano, na mkononi ameshika tawi la yungiyungi linaloelekea tumboni mwa Maria. Upande wa miguuni pa kitanda kumesimamishwa kitambaa chekundu kilichotariziwa mayungiyungi. Kitambaa hicho ndicho ambacho Maria huyuhuyu alikuwa akikitarizi kwenye The Girlhood of Mary Virgin, picha ya mwaka uliotangulia. Sasa amekimaliza. Asiyekiona kitambaa anaona picha ya dini kama nyingine. Anayekiona anajua kwamba mchoraji alikuwa akifikiri kama mtunzi wa mashairi, anayeacha neno kwenye ubeti mmoja ili lifanye kazi kwenye ubeti unaofuata.

Kitanda, hata hivyo, kina kasoro. Kinaonekana kuteremka kuelekea kwa mtazamaji. Mimi naipokea kasoro hiyo, kwa sababu inamwacha msichana bila mahali pa kurudi nyuma. Wahakiki wa mwaka 1850 hawakuipokea. Waliishambulia picha, ikakaa bila kununuliwa hadi 1853, na Rossetti akaanza kujitenga na maonyesho ya hadhara. Tangu hapo aliuza kwa watu binafsi, wengi wao matajiri wa biashara na viwanda. Umma wa London ulipata nafasi ya kuziona kazi zake kwa wingi mwaka 1883, yeye akiwa ameshafariki.

Miaka iliyofuata, kuanzia 1850 hadi 1858 hivi, ndiyo ninayoipenda kuliko yote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Aliziacha rangi za mafuta akachora vipicha vya rangi za maji, vingine visivyozidi ukubwa wa daftari. Ukisikia rangi za maji unafikiria kitu chepesi kinachotiririka. Zake si hivyo. Alitumia maji kidogo sana, akachanganya na gundi, akajaza karatasi kwa vistari vya brashi karibu kavu, kisha akakwaruza pale alipotaka mwanga. The Wedding of St George and Princess Sabra, ya mwaka 1857, ina upana wa kama sentimita 36 tu kila upande. Ndani yake mna shujaa aliyevaa vazi la vita la rangi ya dhahabu akimkumbatia binti mfalme, kichwa cha joka kimewekwa kwenye sanduku, na nyuma ya maua malaika wanagonga kengele kwa vijiti. Hakuna nafasi ya kupitisha hata sindano. Chumba chote kimebanana kama sanduku la vito, na huko kubanana ndiko kunakokupa hisia kwamba wapendanao hawa wamefungiwa ndani ya furaha ambayo haitadumu.

Namna ya kukipima kipicha cha aina hii ni kutafuta mikwaruzo na vile vistari. Kwenye kilicho bora, kila kistari kinafuata umbo la kitu: kinazunguka bega, kinashuka na pazia. Kwenye kilicho dhaifu vistari vinajaza nafasi tu. William Morris, aliyekuwa kijana aliyemstahi sana wakati huo, alinunua kadhaa. Vipicha viwili kati ya hivyo, The Tune of the Seven Towers na The Blue Closet, vilimfanya aandike mashairi yenye majina yaleyale, yakatoka kwenye kitabu chake cha mwaka 1858. Picha inayomzaa mshairi mwingine imeshajieleza thamani yake.

Mwaka 1857 Rossetti aliwakusanya Morris, Edward Burne-Jones na wengine wakachora kuta za ukumbi wa Oxford Union. Walichora moja kwa moja juu ya matofali yaliyopakwa chokaa, ukuta haujaandaliwa ipasavyo, na muda si mrefu michoro ikaanza kufifia. Picha ikiwa nzuri juu ya ukuta mbaya, hukumu yake iko palepale: fundi hakuuliza kuhusu ukuta.

Sasa tuje kwa wanawake. Mwaka 1859 alichora kwa mafuta kipicha kidogo cha Fanny Cornforth, Bocca Baciata, kilichopo Boston leo. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kwa zaidi ya miaka 20 iliyobaki alirudia mpango uleule: mwanamke mmoja, nusu mwili, maua mbele, ukuta au majani nyuma, pasiwepo pa kutokea. Bocca Baciata ni bora kwa sababu ngozi yake ni ya mtu fulani, ina uzito, na vidole vyake vina mfupa ndani. Hilo la mfupa ulishike. Kuanzia miaka ya 1870 vidole vya wanawake wa Rossetti vinarefuka na kupinda kama mashina ya maua, na shingo zinavimba. Palipo na mfupa, urefu huo unaleta majonzi. Pasipo na mfupa, ni mazoea tu.

The Beloved, aliyoikamilisha 1866, inastahili kutazamwa peke yake, hasa na msomaji wa Afrika. Imetokana na Wimbo Ulio Bora. Bibi harusi anafunua shela katikati ya wasindikizaji wake, na mbele kabisa kuna mtoto mweusi aliyebeba chombo cha dhahabu chenye mawaridi. Rossetti alitaka rangi za picha hiyo ziwe kama vito, na weusi wa mtoto aliutaka kwa sababu hiyo, kama mtu anayetafuta jiwe jeusi la kuweka kwenye mkufu. Hilo ni kosa la moyo na sioni haja ya kulipunguza. Lakini ukiutazama uso wa mtoto utaona jicho la mchoraji lilimshinda mchoraji: uso ule umeangaliwa kwa makini kuliko nyuso kadhaa zilizo nyuma yake, na macho yake hayashiriki harusi ile. Picha inaposema zaidi ya nia ya aliyeichora, mpimaji aandike yote mawili.

Kuhusu nakala, tahadhari. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wateja wa Rossetti, akina Frederick Leyland mwenye meli wa Liverpool na William Graham mfanyabiashara wa Glasgow, walikuwa na fedha, naye alikuwa na matumizi makubwa katika nyumba yake ya Cheyne Walk, Chelsea. Picha iliyopendwa iliombwa tena. Kuanzia 1867 Henry Treffry Dunn alikuwa msaidizi wake, na mkono wake umo kwenye nakala nyingi. Lakini usihukumu haraka kwamba nakala daima iko chini. Lady Lilith ya mafuta, iliyopo Delaware Art Museum, ilifutwa uso mwaka 1872 na 1873: wa Fanny ukaondolewa, ukawekwa wa mwanamke mwingine, Alexa Wilding. Sura ya kwanza imebaki kwenye nakala ya rangi za maji ya mwaka 1867, ambayo Dunn alishiriki kuichora, iliyopo Metropolitan Museum, New York. Linganisha hizo mbili. Kwangu mimi nakala ndiyo iliyo hai. Uso uliopachikwa baadaye ni mzuri lakini haukai vizuri juu ya mwili wake.

Beata Beatrix nayo inafundisha. Elizabeth Siddal, mkewe, aliyekuwa mchoraji na mshairi pia, alifariki tarehe 11 Februari 1862 baada ya kunywa laudanamu, dawa ya kasumba, kupita kiasi. Picha iliyopo Tate, aliyoishughulikia kati ya 1864 na 1870, inamwonyesha kama Beatrice, mpenzi wa mshairi Dante: macho yamefumbwa, uso umeinuliwa, ndege mwekundu anaweka ua jeupe la mpopi mikononi mwake, na saa ya jua inaonyesha tisa. Kingo zote zimelainishwa, kama vitu vinavyoonekana kwa macho yenye machozi. Chicago kuna nakala ya mwaka 1872, kali zaidi kwenye kingo na hafifu zaidi kwa uchungu. Birmingham kuna nyingine ambayo Madox Brown aliimalizia baada ya Rossetti kufariki. Humo njiwa ni mweupe na ua ni jekundu. Rangi zimebadilishana nafasi, na maana ikatoka. Ndege mwekundu anayebeba usingizi mweupe ni jambo la kutisha. Njiwa mweupe tumeshamzoea.

Usiondoke kabla ya kuiangalia fremu. Rossetti alibuni fremu zake mwenyewe, zingine kwa kushirikiana na Madox Brown, na mara nyingi dhahabu ilipakwa moja kwa moja juu ya mwaloni ili nyuzi za mbao zionekane. Kwenye ile ya Beata Beatrix imeandikwa tarehe ya kifo cha Beatrice, 9 Juni 1290. Picha nyingine zilibeba shairi zima, kwenye fremu au kwenye picha yenyewe. Proserpine ya mwaka 1874, ambayo aliyekaa achorwe ni Jane Morris, mke wa William Morris, ina soneti ya Kiitalia juu yake. Binti aliyechukuliwa kwenda kuzimu ameshika komamanga lililoumwa, chetezo kinafuka pembeni, na nyuma yake mraba wa mwanga umeangukia ukutani kwa muda mfupi, kama mlango uliofunguliwa mara moja. Weka kiganja juu ya huo mraba kwa mawazo yako, na picha inakufa. Mkono mmoja umeushika wa pili kwa nguvu, kama unaouzuia usile tena. Hapo mfupa upo. Alianza picha hiyo kwenye turubai kadhaa, zikaharibika au kukataliwa, na ile ya nane aliimaliza mwaka 1882 alipokaribia kufa.

Mashairi yapimwe kwa kipimo kilekile. Alipomzika Elizabeth katika makaburi ya Highgate, Rossetti aliweka mswada wa mashairi yake ndani ya jeneza. Oktoba 1869 kaburi likafukuliwa kwa idhini yake, yeye mwenyewe hakuwepo, mswada ukatolewa, ukasafishwa kwa dawa, kurasa nyingine zikiwa na tundu la mdudu. Kitabu, Poems, kilitoka 1870. Mwaka uliofuata Robert Buchanan akakishambulia kwa jina la bandia, akidai ni ushairi wa kimwili mno. Rossetti akajibu, lakini jeraha lilibaki. Mwaka 1872 akili ilimlemea, na dawa ya usingizi aliyoizoea, klorali, ilimmaliza polepole.

Soneti zake, zilizokusanywa 1881 chini ya jina The House of Life, ni zaidi ya 100. Kila moja ina mishororo 14, minane kisha sita. Kama tunavyosubiri kituo cha ubeti wa tarbia kifunge au kigeuze kilichotangulia, msubiri kwenye mshororo wa tisa. Je, kuna kugeuka? Soneti zake bora zinageuka kwa kishindo. Zile dhaifu, na si chache, zinairudia minane ya kwanza kwa maneno mazito zaidi. Dalili nyingine ni herufi kubwa. Upendo, Kifo na Uhai wanapotembea kama watu ndani ya soneti moja, mimi huanza kutilia shaka.

Shairi lake ninalolishika kuliko yote si soneti. Ni The Woodspurge, beti 4 za mishororo 4, na kila ubeti una kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo litakalolifurahisha sikio la Mswahili. Mtu aliyelemewa na huzuni anakaa nyikani, kichwa katikati ya magoti, nywele zimegusa majani. Macho yake yaliyo wazi yanaona magugu kama kumi, na katika hayo ua moja dogo lenye vikombe vitatu ndani ya kimoja. Hapati faraja wala fundisho. Miaka ikapita, huzuni yenyewe ikasahaulika, kilichobaki ni umbo la lile ua. Hakuna herufi kubwa hata moja ya kujitutumua mle.

Ukifika Wilmington, Delaware, tafuta picha iitwayo Found. Mswaga ng'ombe kutoka shamba ameingia London alfajiri akipeleka ndama sokoni, akamkuta aliyekuwa mchumba wake akiuza mwili barabarani. Mwanamke ameugeukia ukuta kwa aibu. Mwishoni mwa 1854 Rossetti alikaa kwa Madox Brown huko Finchley akimchora ndama aliyenaswa kwenye wavu juu ya mkokoteni. Alimchora unywele kwa unywele, mpaka mwenyeji wake akalalamika kwenye shajara kwamba kazi haiishi na mgeni haondoki. Mkaribie ndama huyo, uone wavu unavyoibana ngozi, kisha urudi nyuma umtazame mwanamke na ukuta. Rossetti alifariki Birchington-on-Sea, Kent, tarehe 9 Aprili 1882, na picha hiyo ilikuwa bado haijakamilika. Ndama alikuwa tayari tangu miaka ya 1850.